Pedali za Ndia ya Witu

Mkunumbi, 18 Mfunguo Tano 1331

Kwa ndugu yangu Nur, Mola akuweke na afya huko Mombasa.

Wote wa nyumbani Mkomani, Lamu, hawajambo. Mama anasumbuliwa na macho lakini ulimi wake ni ule ule, na kila mgeni anayetoka Mombasa lazima apite kwake aulizwe habari zako. Ummu mke wangu anakusalimu. Binti zangu wamekua. Hadia amefika juzuu ya tano, na Kadija amefika kwenye umri wa kujibu anapokatazwa.

Tumekaa miaka sita bila kuandikiana, na sababu tunaijua sote wawili. Sitairudia hapa.

Nina haja nawe. Siku hizi nasomesha bara. Nusu ya wiki niko na chuo cha Mkunumbi na nusu niko Witu, na baina ya pahala pawili hapo ni mwendo wa saa nne kwa miguu, mchanga na visiki. Mzungu mmoja aliyekuwa na shamba la miti ya mpira amerudi kwao, akamwachia mzee mmoja wa Witu baiskeli yake. Mzee naye kanipa mimi niitumie kwa kazi ya chuo. Nimejifunza kuipanda, na waliocheka wamekwisha kucheka. Taabu iliyobaki ni pedali. Zimechakaa, mguu wanitoka, na nimeanguka mara mbili katika ndia hiyo. Wewe ndiye fundi. Nitafutie pedali ambazo mguu hautoki.

Mama auliza utakuja lini. Nimemwambia una kazi nyingi.

Nduguyo,
Abdulghafur


Mombasa, 3 Februari 1913

Kwa kaka yangu Bwana Abdulghafur. Nakushika mkono kwa heshima, na kwa Mama naubusu wake.

Mimi ni mzima. Duka letu liko karibu na Ndia Kuu, na mwenye duka ni Mhindi mpole asiyependa kelele. Baiskeli zinazidi kila meli inapoingia. Makarani wanazitaka, mapadri wanazitaka, na juzi alikuja mtu wa posta kuulizia tatu kwa mkupuo. Mikono yangu haitakati tena, hata nikiisugua kwa mchanga na ndimu.

Kaka, pedali si kitu cha kuchukua tu rafuni. Ziko za mpira, laini, zinazofaa mjini, lakini zikilowa huteleza. Ziko za chuma zenye meno pembeni. Hizo hushika kiatu barabara, ila mtu wa miguu mitupu zitamtafuna. Ziko pia pana, za mpira mzito, na unaweza kuzifunga mkanda wa ngozi wa kushikilia vidole. Ili nijue zipi zinakufaa, nijibu haya: wavaa nini mguuni ukiwa njiani? Ni mguu upi unaotoka, au yote? Unatoka kwa mbele au kwa pembeni? Tena weka miguu yako yote miwili juu ya karatasi, uizungushie kalamu, uniletee.

Ummu na watoto nawasalimu sana. Mwambie Mama salamu zake zimefika.

Mdogo wako,
Nur


Mkunumbi, 4 Mfunguo Sita 1331

Ndugu yangu Nur,

Barua yako imefika, nikaisoma mara mbili, na nakushukuru. Mvua ndogo imepita huku, nti imelowa na mihogo imeshika. Watu wa Witu wanajitayarisha kwa Maulidi na wanataka niwasomee. Mama nimemwandikia kwamba hujambo.

Maswali yako ni mengi kuliko ya kadhi. Navaa makubadhi ya ngozi, kama kila mtu wa kwetu. Unaotoka ni mguu wa kulia. Unatoka upande gani, sikumbuki. Nikitazama, nakuta umekwisha toka. Nimekuchorea mguu wa kushoto, na wa kulia ni pacha wake, hapana haja ya kuharibu karatasi. Niletee zile za chuma zenye meno, ndizo zitakazoushika.

Umeandika «mwambie Mama salamu zake zimefika». Yeye aliuliza utakuja lini.

Abdulghafur


Mombasa, 3 Machi 1913

Kaka yangu mpenzi,

Natumai Maulidi yamekwenda kwa baraka. Hapa mwenye duka ameniachia ufunguo wa duka lote, na hilo ni jambo ambalo baba yetu, Mungu amrehemu, angelipenda kulisikia.

Nimekutii. Anayekuletea bahasha hii ni Bwana Fadhil, muuza vitambaa unayemjua. Anapanda meli hadi Lamu, kisha anavuka kwenda Mkunumbi na Witu kuuza kanga. Amebeba pedali mbili za chuma zenye meno. Nimezichagua bila furaha, maana makubadhi si viatu. Basi nunua viatu vya kufunika mguu kabla hujazipanda. Nakuomba.

Katika kuzifunga angalia jambo moja. Ya kulia hukazwa kama skrubu yoyote, ya kushoto hukazwa kinyume. Nimezitia alama ya rangi. Usiibishie ya kushoto kwa nguvu, utaua nyuzi zake za skrubu. Na zile kuukuu usizitupe, mpe Bwana Fadhil aniletee, nataka kulinganisha kipimo.

Kuhusu Mama, sina la kuandika kwa sasa.

Nur


Mkunumbi, 9 Mfunguo Saba 1331

Nur,

Pedali zimefika na nimezifunga mwenyewe, ya kushoto kinyume kama ulivyosema. Zinashika vizuri sana. Sijaanguka tena. Bwana Fadhil anarudi na zile kuukuu.

Maulidi ya Witu sikuyasoma mimi. Nilikuwa na homa kidogo, akasoma mwingine.

Sina habari nyingine. Usijisumbue tena kwa ajili yangu.

Abdulghafur


Mombasa, 2 Aprili 1913

Kaka yangu, Bwana Abdulghafur,

Nakusalimu, na nawaombea wote wa nyumbani. Leo nitakuandikia jambo ambalo mdogo hamwandikii mkubwa wake. Nisamehe kabla hujasoma.

Pedali kuukuu nimeziweka mezani, nikazitazama siku mbili. Mtu akikanyaga pedali hata miezi michache, mguu wake huacha alama kama muhuri. Ya kushoto imelika katikati, pale penye nyama ya chini ya vidole, ndivyo inavyotakiwa. Ya kulia mpira wake umelika pembeni na nyuma, na chuma chake cha pembeni kimekwaruzwa kotekote. Nimeona pedali za walevi, za watoto na za vilema. Sijaona hii. Hii ni pedali ya mtu asiyejua mguu wake uko wapi.

Nilikuwa bado nawaza, Bwana Fadhil akaja dukani. Akakaa juu ya sanduku, akasema, «Nur, kakako alifika kutoka Witu nikiwa barazani kwake. Kushuka kwenye baiskeli, kubadhi la kulia halipo, limeanguka njiani. Yale meno ya chuma yalikuwa yameuchana mguu, na kila hatua anaacha damu sakafuni. Naye anazungumza nami, anacheka, ananihadithia Hadia anavyosoma. Nikamwambia, ‹Bwana, damu!› Akatazama chini kama mtu anayeonyeshwa mguu wa mwenziwe.»

Nikamwuliza, «Halafu?»

«Halafu akaniomba nisimguse. Akauosha peke yake. Na tulipokula, alikula kwenye sahani yake, kando. Ana sahani yake na kikombe chake, amevitundika msumarini, na mtu mwingine havigusi.»

Akanieleza pia kwamba hujalala Mkomani tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, na kwamba watu wanasema umeoa Witu.

Sikuamini hilo la kuoa. Kaka, mguu wako hausikii. Umejua tangu lini? Na waogopa nini hata umeihama nyumba yako?

Za chuma zivue leo hii. Zitupe kisimani ukitaka.

Nur


Mkunumbi, 11 Mfunguo Kenda 1331

Ndugu yangu Nur,

Barua yako ina zaidi ya mwezi kwangu. Niliandika jibu la hasira nikalichana. Niliandika jibu la uongo, hilo nalo nikalichana. Hili ni la tatu.

Nakusalimu kwanza. Mama, Ummu na watoto nasikia hawajambo, maana habari zao nazipata kwa watu kama msafiri.

Ndiyo, hausikii. Ulianza kwenye kidole kidogo, mwaka juzi. Nikadhani ni kukaa sana chini na wanafunzi. Kisha unyayo, kisha kisigino. Siku moja mwezi wa Ramadhani Ummu alisema pananuka kitu kuungua. Ulikuwa mguu wangu, umelalia kaa la chetezo. Nilimwambia ni kitambaa.

Wewe ulikuwa umekwisha kwenda Mombasa, kwa hiyo hukuyaona ya Barka wa Kipungani. Alikuwa msuka mikeka, mtu wa msikitini. Alipoonekana ana ukoma, watu wa kijiji walikuja Mkomani kuniuliza mimi wafanye nini. Nami sikwenda hata kumtazama. Nilikaa juu ya mswala wangu nikasema, «Mjengeeni kibanda mbali, na sahani yake iwe mbali.» Wakafanya. Mkewe akarudi kwao. Maneno yangu yalikuwa machache, na niliyasema haraka kwa sababu chakula kilikuwa kimeandaliwa.

Alianza kwa ganzi ya mguu, Nur. Ndivyo walivyonieleza.

Basi hukumu niliyompa mwenzangu nimejipa mimi. Nimejitenga kabla watu hawajanitenga. Ummu simwambii, kwa sababu nikimwambia atakataa kukaa mbali. Watoto watakosa wachumba. Mama atakufa. Heri waseme nimeoa. Hata Maulidi sikusoma, niliona haya kusimama mbele ya watu wanishike mkono.

Baiskeli niliitaka kwa kuwa siku ya kutembea saa nne nilifika Witu na mwiba wa mchongoma umepita kutoka chini hadi juu, na nisingaliujua lau si mtoto wa mtu kupiga kelele. Nilifikiri mguu usiokanyaga chini utasalimika.

Sasa wajua. Nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya, usimwambie mtu.

Abdulghafur


Mombasa, 29 Mei 1913

Kaka yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Sitamwambia mtu. Lakini sikubaliani nawe. Wewe si tabibu, na kukisia kwako si hukumu. Hapa yuko daktari mmoja Mhindi anayewatazama watu kwa utulivu, naye anaujua ukoma, ameutibu kwao miaka mingi. Ikiwa ni huo, atatuambia na tutajua pa kuanzia. Ikiwa sio, umejifunga bure.

Najua hutakuja ukiitwa. Kwa hiyo nakuja mimi. Nimeomba ruhusa, nimepewa wiki mbili, na nitashuka Lamu katika siku za mwanzo za Rajabu. Nitapita kwa Mama kwanza, kisha nitavuka Mkunumbi. Tutakula sahani moja wewe na mimi, ukatae usikatae.

Na kwa kuwa wewe umesema lako, nami niseme langu. Siku niliyoondoka kwenda kujifunza ufundi, ulisema barazani mbele ya watu wote kwamba mikono ya grisi haishiki Msahafu. Labda umesahau. Mimi nilichukua maneno hayo hadi Mombasa na nimelala nayo miaka sita. Msahafu ninao, nausoma kila alfajiri, naushika kwa kitambaa kwa ajili ya maneno yako. Ndiyo sababu kila Mama anapouliza nitakuja lini, kalamu yangu husimama.

Sikuandika haya unijibu. Funga mizigo.

Nur


Lamu, Mkomani, 10 Mfunguo Mosi 1331

Ndugu yangu Nur, mwana wa mama yangu, Idi yako iwe ya heri na ya mwaka ujao itukute pamoja.

Huku tumeswali salama. Mama hajachoka kuwahadithia wageni ulivyoingia mlangoni mwezi wa Rajabu bila kubisha hodi, na kila mara unaongezeka urefu. Hadia anauliza kama ni kweli mwanamke wa Kizungu hupanda baiskeli huko. Nimemwambia akuulize wewe.

Nimechelewa kuandika, miezi miwili sasa tangu uniache bandarini Mombasa na fimbo mkononi. Nilitaka niandike nikiwa na la kusema.

Nilipofika nyumbani, Ummu alinipokea mizigo, akaniwekea maji ya kuoga, akakaa. Nikamwambia yote. Hakulia. Alisema, «Tangu Mfunguo Mosi mpaka Shaabani nimekaa nikimtafuta huyo mwanamke wa Witu. Nimemfikiria sura, nimemfikiria sauti. Ungalikuja na ukoma ningalijua la kufanya. Wewe hukunipa hata ugonjwa.» Akaondoka. Alipika, alifua, alinijibu salamu, lakini hakuzungumza nami siku tisa.

Siku ya kumi alikuja akaketi mbele yangu, akasema, «Sasa nieleze. Usiruke neno.»

Nikamweleza daktari alivyonifunga macho kwa kitambaa, akinichoma sindano huku na huku na kuuliza, «Hapa? Na hapa?» nami nikinyamaza. Alivyonitazama ngozi yote, masikio, mikono, asione baka. Alivyoniminya nyuma ya goti nikaruka, akauliza, «Hapa uliumia lini?» Wewe ndiye uliyekumbuka, Nur, mimi nilikuwa nimesahau: mwaka ule wa kutengeneza sakafu ya juu ya msikiti, nilipoanguka na boriti iliyovunjika ikanichoma. Kidonda kilipona, tukasahau. Nikamwonyesha Ummu kibanzi chenyewe, maana daktari alinipa nilipozinduka baada ya kupasuliwa, cheusi, urefu wa pingili ya kidole. Miaka yote kimekaa humo, nyama imekizunguka ikafanya nundu, na nundu imebana mshipa wa fahamu. Nikamwambia daktari aliniuliza, «Nani alikwambia una ukoma?» nami nikajibu, «Mimi mwenyewe.»

Ummu akakigeuzageuza kibanzi, akakirusha dirishani. Kisha akasema tena neno kama mke wangu: «Lete huo mguu.»

Tangu hapo, kila baada ya Alasiri nikiwa nyumbani, anautazama, juu, chini na baina ya vidole, maana daktari alisema macho yafanye kazi ya ngozi. Kisigino kimeanza kusikia kidogo, kama mtu anayeitwa toka mbali. Vidole bado. Huenda visirudi, nami nimelipokea.

Pedali tulizochagua pamoja dukani kwako, zile pana za mpira mzito, zimefungwa. Mkanda wa ngozi ulioushona unaushika mguu bila kuubana, na viatu vimefunika kila kitu. Nimekwenda Witu na kurudi mara tatu. Natazama chini kila nikifika kwenye mti mkubwa, kama ulivyonifundisha, na kila nikitazama naukuta mguu mahali pake. Alhamisi nalala Mkomani.

Na lile neno la barazani. Nilidhani nimelisahau, kumbe nilikuwa nimelificha. Lilikuwa neno la kijana aliyeogopa kubaki peke yake na kazi ya baba ya kusomesha. Ushike Msahafu kwa mikono yako, ndugu yangu. Kitambaa kitupe.

Limebaki moja. Siku ya tatu ya Idi nilikwenda Kipungani. Ummu alinifungia mkate wa mofa na nyama, hakuuliza napeleka kwa nani. Kibanda cha Barka kiko kule kule, nyuma ya minazi, mbali na sauti za watu. Alikuwa kivulini anasuka mkeka kwa vidole vilivyosalia, na mkeka wenyewe umenyooka kuliko nilionao nyumbani. Aliniona kwa mbali, akaacha kusuka. Nikaja mpaka karibu, karibu ya kushikana mkono, nikasimama.

Akanitazama, kisha akatazama kifurushi. Akasema, «Bwana Abdulghafur. Umekuja kuniomba radhi, au umekuja kunisalimu?»

Nikasema, «Yote mawili.»

Akasogea, akanipa nafasi juu ya mkeka. «Basi anza na salamu,» akasema. «Ni miaka minne sijasalimiwa na mtu aliyeketi.»

Nikaketi. Nikamsalimu, nikamwuliza habari za afya, za kazi, za jamaa zake waliomwacha. Alinijibu moja moja, bila haraka, naye akaniuliza zangu. Ikafika Alasiri, na bado hatujamaliza kusalimiana.

Kakako,
Abdulghafur